Shukuru, wenzio hawana

Leo nina neno moja linanikera tangu Jumamosi. Tulikuwa kwenye kicheni pati ya binti mmoja hapa Ufukoni, na kila aliyesimama kumfunda alimalizia hapo hapo: shukuru, wenzio hawana.

Mnalijua. Mume akichelewa kurudi, shukuru, wenzio hawana hata wa kuchelewa. Mtoto hajakulaza siku tatu, shukuru, wenzio wanamtafuta hawampati. Wanaosema ni mama zetu wazuri tu, waliotuombea mpaka sauti zikakauka. Ila mimi nikilisikia nageuka nyuma, kwa sababu huyo "mwenzio" nimewahi kuwa mimi. Mimba yangu ya kwanza ilitoka, ya pili ikachelewa miaka miwili, na muda wote huo wenye watoto walinitazama wakamshukuru Mungu. Jamani, inauma kuwa sababu ya shukrani ya mtu mwingine!

Mtoto akaja, mwanzoni mwa 2019. Hata miezi mitatu hajafikisha, tukaambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja Mtwara, watu wahame mabondeni na kando ya bahari. Alhamisi ya tarehe 25 Aprili, siku nne baada ya Pasaka, tukabeba mtoto, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki na chupa ya chai (msinicheke), tukaenda kwa wifi yangu upande wa juu wa mji. Tukangoja. Hakikuja. Jioni ile kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikaua watu zaidi ya 40, na Msumbiji bado walikuwa na msiba wa Idai wa mwezi Machi.

Jumapili kanisa lilijaa, bahasha za shukrani mikononi. Mungu ametuepusha! Sasa jirani yangu ni Mmakonde, dada yake kaolewa upande wa pili wa mto, na simu ilikuwa haipatikani tangu Alhamisi. Alikaa benchi la nyuma, hakwenda mbele. Ninyi mnaoishi mbali mnauona Ruvuma ni mpaka. Huku ndugu wako kingo zote mbili. Nikaishika bahasha yetu, miguu ikagoma. Mume wangu akaninong'oneza, "Mama, tutoe ya mtoto. Siyo ya upepo."

Tukatoa ya mtoto. Dada wa jirani alipatikana siku iliyofuata, mzima, nyumba haina paa. Tukachanga.

Najua kuna atakayenikumbusha Paulo na Wathesalonike. Sawa. Biblia tuliyokua nayo inasema tushukuru "kwa" kila jambo, lakini Kigiriki cha Paulo ni "katika". Ni neno dogo, ila kwa mwanamke aliyepigwa jana usiku si dogo hata kidogo. Hakuna aliyemwagiza ashukuru kwa ngumi. Na Hana je? Alilia kule Shilo mpaka kuhani akadhani amelewa, na Mungu akamsikiliza vile vile. Penina ndiye aliyekuwa na watoto wa kuhesabu, na mwenzake wa kujipima naye.

Kwa hiyo mimi siku hizi nikishukuru nataja vitu. Kwamba mume wangu anaamka saa kumi alfajiri kukinga maji kabla bomba halijakata. Kwamba anajua kusuka nywele, vibaya, lakini anasuka. Kwamba mtoto anakula samaki bila vita. Na yanayonikera nayo nayapeleka kwa Mungu: uchovu, ada, ukimya wa baba mwenye nyumba fedha zikiisha na korosho bado ziko mtini. Simpimi na mume wa mtu.

Yule binti wa kicheni pati nilimpa sufuria mbili na kanga, nikamnong'oneza kwamba akichoka aseme amechoka. Mama mmoja alinisikia, akaguna. Haya, yule wa kimbunga karudi shule na sare imejaa tope, anataka chakula. Tuonane wiki ijayo.