Litungu la Babu na Kamba ya Maonyesho

Mtu akitaka kujua heshima ya kitu kilichowekwa katika maonyesho, asitazame mahali kilipowekwa tu. Na aulize pia ni nani aliyekatazwa kukigusa. Neno hili sikulisoma kitabuni. Nilifundishwa na babu yangu, wala yeye hakulitamka: alilitenda kwa kuurudisha mkono wake nyuma.

Nilizaliwa Tarime, katika nchi ya Wakurya, na nyumbani kwa babu palikuwa na litungu. Asiyelijua na afahamu kuwa ni ala kubwa yenye nyuzi nane. Ina bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili iliyotanuka, na mti uliokingama juu yao ambako nyuzi hufungwa. Sauti yake ni nzito, yenye kuvuma kwa mkwaruzo, na mtu aliyekaa karibu huisikia kifuani kabla ya masikioni. Babu alilipiga arusini, na usiku mwingine alilipiga peke yake, akiwataja waliotangulia mmoja baada ya mmoja.

Nilipokuwa na umri wa miaka 14, shule niliyosoma iliandaa maonyesho ya vitu vya asili. Nilimwomba babu litungu lake, naye akanipa bila swali. Tuliliweka mezani baina ya ngao na vibuyu, tukazungusha kamba ya katani, na juu ya kipande cha karatasi nene nikaandika kwa herufi nzuri: "Ala ya kale. Usiguse." Ya kale! Juma lililopita lilikuwa limekesha arusini. Kisha nikapewa fimbo, nikawa mlinzi.

Babu alikuja saa za adhuhuri, amevaa koti lake la siku za heshima. Akapita meza kwa meza, hata alipofika kwa litungu akaona uzi mmoja umelegea. Akanyosha mkono ili aukaze, kama mtu amfungaye mwanawe kifungo cha shati. Mwalimu alikuwa akinitazama. Nikasema, "Babu, imeandikwa usiguse."

Akaniuliza, "Nani ameandika?"

Nikamjibu, "Mimi."

Akasema, "Vema," akaurudisha mkono wake, akaenda zake.

Jioni nilipolirudisha alilipokea kwa mikono miwili, akalitundika, asiseme neno. Alifariki kabla sijapata namna ya kumtaka radhi.

Miaka mingi baadaye masomo yalinifikisha Chicago, katika mtaa wa Pilsen, wakaapo watu wengi wenye asili ya Meksiko. Pana makumbusho ya sanaa ya watu hao, yaliyoasisiwa na walimu mwaka 1982, yakafunguliwa 1987; kuingia ni bure. Nilikwenda wakati wa maonyesho ya Siku ya Wafu, ambayo wao huiadhimisha tarehe 1 na 2 Novemba. Niliona meza zilizopambwa maua ya manjano, mishumaa, mikate na picha za marehemu. Na kando yake vitu walivyovipenda walipokuwa hai: kofia, kikombe, gitaa. Bibi mmoja mzee aliinama akakigeuza kikombe kidogo, ili mkono wake uelekee picha, kusudi mwenyewe akija akishike kwa urahisi. Hakuna aliyemkataza. Nilitoka nje nikasimama barabarani muda mrefu, na waliopita walidhani kwamba ni baridi iliyonitoa machozi.

Lakini haki yataka niseme na upande wa pili, maana mkono wa mtu huhifadhi na huharibu pia. Niliporudi nyumbani nilikwenda Moru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kusini mwa Seronera. Huko pana majabali yaliyochorwa ngao za Wamasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro ile ingepapaswa na kila mgeni, leo tungekuta jiwe tupu. Na si mbali na hapo pana jiwe jingine, lenye vishimo vingi mfano wa vikombe, na likigongwa kwa kokoto hulia kama chuma. Vishimo vile vilichimbwa na mikono ya wapigaji. Lau watu wa kale wangalitii amri ya kutogusa, jiwe lile lisingalikuwa ala, lingalikuwa jiwe.

Basi Moru yatufundisha sheria mbili katika mahali pamoja: kuna kitu kiishicho kwa kuachwa, na kuna kitu kiishicho kwa kushikwa. Kosa letu ni kuvifunga vyote kwa kamba moja. Tena Moru yatukumbusha jambo zito zaidi: Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti kwa mapatano ya mwaka 1958, na tangu hapo ngao zao zimebaki jabalini bila wenyewe. Maonyesho yaweza kuhifadhi rangi na bado yakampoteza mchoraji.

Wako waliojua njia bora. Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yana ngoma za watemi zilizohifadhiwa, na karibu nazo ngoma za mashindano ya Bulabo hupigwa kila Juni hata vumbi likasimama. Hapo mtazamaji huona chombo, kisha husikia kazi yake. Sisi wa Tarime na Serengeti, Wakurya, Wangoreme, Waikoma na wenzetu, tukijaliwa kujenga nyumba ya vitu vyetu, tusianze kwa kununua kamba. Tuanze kwa kuwaita wazee, tuwaulize ni kipi kiachwe na ni kipi kishikwe, na wao wenyewe wawe wa kwanza kuingia.

Litungu la babu sasa liko kwangu. Nilikuta nyuzi tano zimekatika na ngozi imepasuka. Nikalipeleka kwa fundi huko Mugumu, akaliwamba upya. Mimi sijui kulipiga, na hiyo ndiyo adhabu yangu. Nimelitundika kwa kimo cha mkono wa mtoto, na wanangu hulichezea ovyo, wakatoa kelele isiyo wimbo bado.

Ile karatasi nene ninayo hata leo ndani ya daftari. Wino umefifia, lakini mwandiko wasomeka, nao ni wangu.