Bogotá na Mtoto Wetu Mpya: Tembeeni Naye Kabla Hamjaondoka

Familia inayokwenda Kolombia kuasili mtoto hairudi baada ya siku tatu. Kwanza mnakabidhiwa mtoto, kisha faili linakwenda kwa jaji wa familia, kisha mnafuatilia cheti kipya cha kuzaliwa, pasi ya kusafiria na viza. Sisi tulikaa Bogotá wiki tano: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 11, na mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akitutazama kama wageni waliokosea nyumba. Ofisi zilituhitaji siku chache tu. Siku zilizobaki wengine huziita likizo, wengine huziona kero ya kusubiri. Kwa mtoto ni siku za mwisho za kuishi katika nchi yake, na wazazi wanapaswa kuzitumia hivyo.

Nianze na swali ambalo ndugu zetu waliuliza, na ninyi huenda mmeulizwa: kwa nini mwende mbali wakati nyumbani watoto wapo? Mimi na mume wangu tumezaliwa Tanga, tunaishi Houston, na tumechukua uraia wa Marekani. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kisheria sisi sasa ni wageni, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mgeni awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo. Muuguzi mwenye zamu na mkopo wa nyumba haachi kazi miaka mitatu. Kolombia imo katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, na taasisi ya serikali ya ustawi wa familia, ICBF, ndiyo inayosimamia uasili. Humtafutia mtoto familia ya Wakolombia kwanza. Wanaopata wazazi wa nje mara nyingi ni watoto waliokwisha kua, au ndugu wanaotakiwa kulelewa pamoja.

Sasa safari yenyewe. Bogotá iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Mandara, pale wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanapolala usiku wa kwanza. Mtu anayetoka Houston au Muscat atahema akipanda ngazi. Siku mbili za mwanzo kunyweni maji, kuleni kidogo kidogo, lalani mapema, na msipange matembezi marefu. Bebeni masweta pia, kwa maana jioni kuna baridi mwaka mzima.

Tulianza na soko la Paloquemao, na hapo ndipo mtoto alipoanza kuzungumza nasi. Kulikuwa na ndizi mbichi, muhogo, ukwaju, mastafeli na mapasheni, kila kitu cha sokoni Tanga. Alishangaa kuona tunavijua. Binti yangu akaonyesha pera, akalitaja. Kijana akacheka, akakimbilia kibanda kingine na kurudi na tunda jingine kabisa, kwa sababu kwa Kihispania "pera" ni peasi. Kuanzia hapo ukawa mchezo. Wao wanasema "mesa", sisi meza. Wao "bandera", sisi bendera. Maneno hayo mawili tuliyapata kwa Wareno, majirani wa Wahispania, na irabu zetu tano zinasomeka vilevile kwao. Watoto wakawa wanawinda maneno kila tulipokwenda.

Mchezo huo ulitupa zawadi nyingine. Mama mlezi aliyekaa naye miaka minne alimwita "mamá", mkazo ukiwa mwishoni. Mimi sikumwambia aniite vipi. Siku moja mezani akaniita "mama", mkazo mwanzoni, kama tunavyosema sisi. Alikuwa amepata majina mawili kwa watu wawili, na hakulazimika kumpokonya yule wa kwanza jina lake.

Katikati ya mji kuna Jumba la Dhahabu, Museo del Oro, lililoanzishwa na benki kuu ya nchi mwaka 1939. Lina maelfu ya vitu vya dhahabu vya wenyeji wa kale. Msipite bila kuona chelezo kidogo cha Wamuisca, kisichofika urefu wa sentimita 20, kilichopatikana pangoni karibu na Pasca mwaka 1969. Kinaonyesha chifu na watu wake, na huhusishwa na ile simulizi ya mtawala aliyepakwa vumbi la dhahabu na kupelekwa katikati ya ziwa. Kijana alisimama pale muda mrefu, kisha akamweleza dada yake habari yote kwa Kihispania na kwa mikono. Mwacheni mtoto awe mwenyeji. Ninyi ndio wageni.

Jumapili msilipe teksi. Tangu mwaka 1974 mji una desturi ya Ciclovía: saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana zaidi ya kilomita 120 za barabara hufungiwa magari, na watu hutembea, hukimbia na huendesha baiskeli. Mume wangu na kijana walizunguka humo kila Jumapili, hawana lugha ya pamoja, wana baiskeli mbili za kukodi.

Kanisa la chumvi la Zipaquirá, kilomita 50 hivi kaskazini, tuliliweka wiki ya mwisho kwa makusudi. Liko ndani ya mgodi, mita 180 chini ya ardhi. Ni ajabu kuliona, lakini mtoto asiyewajua bado msimwingize kwenye giza.

Pagumu palikuwa Monserrate, mlima wa mita 3,152 ulio juu ya mji. Unapanda kwa treni fupi ya kamba ya chuma au kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya. Juu unaona Bogotá yote. Kijana alitafuta kwa kidole mtaa wa mama mlezi wake, akasema ni kule. Kisha akauliza kama kwetu kuna mlima ambao mtu akipanda anaona mpaka huku. Houston ni tambarare kama sinia. Nilimwambia ukweli kwamba hakuna. Alishuka mlima mzima bila kusema neno, ameshika mkono wa dada yake. Mume wangu alikuwa ameshapiga picha upande ule alioonyesha. Leo imetundikwa juu ya kitanda chake, na hatujawahi kumwambia aiondoe wala aizoee.

Kwa hiyo, wazazi mnaojiandaa, nunueni daftari. Andikeni majina ya mitaa, vyakula alivyopenda, duka la mkate wake. Wetu alipenda pandebono, mkate wa jibini na wanga wa muhogo, na nimejifunza kuupika. Siku moja atauliza alitoka wapi. Karatasi za mahakama zitampa tarehe. Mengine yote atawauliza ninyi, na mtayajua tu kama mlitembea naye.