Kiambishi Kilichofichwa

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Katika shule ya msingi niliikariri methali hii ili nipate alama za mtihani tu. Maana yake halisi niliipata mwezi wa Agosti mwaka 2007, katika duka moja la intaneti mjini Nyeri, hatua chache kutoka Barabara ya Kimathi. Kilichonila kilikuwa kikining'inia shingoni mwangu: diski mweko ya megabaiti 256.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na jitihada za likizo nzima. Nilikuwa nimekwenda Othaya kwa nyanya yangu kukusanya ngano kwa ajili ya tasnifu ya shahada ya kwanza. Jioni, baada ya kupalilia kahawa, nyanya alisimulia kwa Gikuyu nami nikinukuu vidokezo daftarini. Kesho yake ningepanda matatu hadi Nyeri kuzitafsiri ngano hizo na kuzipiga chapa kabla hazijanitoka akilini. Nilikuwa nimekamilisha ngano 14, kurasa 53. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Siku hiyo niliichomeka diski, nikaiona folda yangu ya manjano iliyoitwa "Ngano". Nikaibofya mara mbili kwa puku. Haikufunguka. Nikabofya tena. Tarakilishi ikajizima na kujiwasha yenyewe. Mhudumu akanijia.

"Diski yako ina virusi, ndugu. Nikusafishie?"

Nikaitikia. Naye aliisafisha kwelikweli: aliifuta yote, isibaki hata herufi moja.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba folda yangu haikuwa imedhurika. Virusi viliificha tu, kisha vikajinakili kwa jina lake na kujivika picha ya folda. Amri fupi moja ingeirejesha. Nilichokibofya kilikuwa programu, na jina lake kamili lilikuwa "Ngano.exe". Herufi zile tatu za mwisho sikuziona kwa sababu Windows, hata leo, huficha viambishi tamati vya aina za faili inazozifahamu, isipokuwa mtumiaji abadilishe mipangilio.

Mpenzi msomaji, sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio tuliopaswa kulielewa jambo hili kabla ya watu wengine wote. Chukua sentensi "Mtoto alipiga" na "Mtoto alipigwa". Mzizi ni uleule, mtoto ni yuleyule, lakini kiambishi kidogo kimegeuza mtenda kuwa mtendwa. Ndivyo zilivyo faili. Yenye kiambishi "doc" ni maandishi: wewe huisoma, huihariri, huifunga. Yenye kiambishi "exe" ni amri zinazosubiri kutekelezwa: ukiibofya, yenyewe ndiyo hutenda, nawe waweza kuwa mtendwa. Nilidhani nafungua, kumbe naendesha.

Somo la pili lilinijia mwaka uliofuata. Rafiki yangu aliyekuwa akisoma Dar es Salaam aliniletea sidii yenye Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Uswidi. Kuipakua mwenyewe kutoka intaneti kusingewezekana. Kwa simu ya waya yenye kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde, megabaiti 70 zingechukua takriban saa tatu, nami nilikuwa nikilipia kila dakika. Rafiki yangu alikuwa amezibana faili zote katika kifurushi kimoja cha zip. Nilichungulia ndani, nikaiona faili ya kusakinishia, nikaibofya papo hapo. Ikalalamika kuwa haizioni faili nyingine. Sababu ni kwamba Windows ilikuwa imeichopoa faili hiyo peke yake na kuiweka mahali pa muda, ikaziacha nyingine ndani ya kifurushi. Ni sawa na kumwita fundi kazini huku zana zake zimefungiwa ghalani. Nilipokifumua kifurushi chote kwanza, kisha nikaiendesha ile faili, programu ilisakinishwa bila tatizo.

Tazama basi vitenzi hivi: kupakua, kufumua, kusakinisha, kuendesha, kufungua. Kila kimoja kina kazi yake na hatari yake. Lakini Nyeri, Karatina na hata Nanyuki, nimewasikia watu wakivitaja vyote kwa neno moja: "fungua". Nasi wasomi twajadili miaka nenda miaka rudi iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo siubezi. Hata hivyo, nomino haikunipotezea kurasa 53. Nilizipoteza kwa kutotofautisha vitenzi viwili.

Desemba nilirudi Othaya nikiwa na aibu. Nyanya alinisikiliza, akacheka.

"Mjukuu wangu," akasema, "kifaa chako ndicho kilichosahau. Mimi bado nipo."

Akaanza upya. Ngano 11 alizisimulia, lakini hazikuwa zilezile. Zimwi lililouawa mwezi wa Agosti lilisamehewa Desemba. Wimbo wa msichana kisimani ulipata ubeti mpya. Ngano tatu hakuzikumbuka, na vidokezo vyangu havikutosha kumkumbusha. Tasnifu niliiandika kwa hizo 11, na mhadhiri wangu aliipenda. Lakini nyanya alifariki mwaka 2011, nami hadi leo huzitafuta tatu zile akilini, nikapata majina tu.

Wanafunzi wenzangu mnaoelekea nyanjani, wekeni nakala mbili mahali pawili. Badilisheni mipangilio ya tarakilishi zenu ili viambishi vyote vionekane. Na kabla hamjabofya, jiulizeni kama mnafungua au mnaendesha.