Paka wa Lamu, na Kipaka Aliyeyumba

Mfunguo Sita uliopita Mwenyezi Mungu alitujaalia kwenda Lamu kuhudhuria Maulidi. Tulitoka Mombasa alfajiri kwa basi, tukapita Malindi, Garsen na Witu, mpaka tukafika Mokowe, ambako barabara hukomea baharini. Hapo tukapanda mashua, na muda si muda tukawa gatini Lamu. Khabari za mji huo wengi wamekwisha zieleza: nyumba zake za mawe, vichochoro ambavyo punda mwenye mzigo akipita mtu hujibana ukutani, na msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, Mungu amrehemu. Sisi leo hatukusudii kuyarudia hayo. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu khabari za paka wa Lamu, khasa watoto wao, kwa kuwa tulipata kwao funzo ambalo lau tungelipata mapema tungalijiepusha na dhulma.

Mgeni wa Lamu hana haja ya kuulizia paka wako wapi. Utawaona gatini, utawaona soko la samaki karibu na Ngome, utawaona wamelala barazani kama wenye nyumba. Wengi wao ni wembamba, wenye miguu mirefu, shingo ndefu na masikio makubwa, hata wageni wengi huwafananisha na paka wa michoro ya Misri ya kale. Wenyeji hawawafukuzi, maana wanajua faida yao: nyumba za mawe zenye dari za boriti ni maskani mazuri ya panya, na panya haogopi kitu kama paka. Wavuvi wanaporudi na kupasua samaki, paka hukaa kwa safu wakingoja matumbo na vichwa, na ni mara chache kumwona mtu akiwapiga teke.

Tulifikia kwa rafiki yetu mmoja, mwalimu kama sisi, akaaye pamoja na mama yake ambaye sote twamwita Bibi. Asubuhi ya pili tulikuwa tumeketi uani tukinywa chai, tukaona vipaka watatu wa kiasi cha miezi miwili wanakuja kula. Wawili walikuja mbio wakaanza chakula chao. Wa tatu alikuja miguu ameitanua, anayumba kushoto na kulia, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Na kila alipokikaribia kisahani, kichwa kilizidi kumtikisika, hata pua ikagonga ukingo na chakula kikamwagika.

Tukasema, "Bibi, kipaka huyu kapagawa, au kalishwa sumu. Si afadhali aondolewe nyumbani?"

Bibi akatutazama, akasema, "Mwanangu, ngoja ashibe, kisha mtazame akilala."

Tukangoja. Bibi alimwekea chakula katika sinia lenye ukingo mfupi, akamzuia kwa kiganja ubavuni ili asianguke, naye akala akashiba kabisa. Kisha akalala juani, na mtikisiko wote ukatoweka. Alikuwa ametulia kama ndugu zake, wala hungeweza kumtambua ni yupi. Bibi akasema, "Basi pepo gani huyo ambaye kipaka akilala naye hulala? Huyu hana makosa. Kazaliwa hivyo."

Ndugu wasomaji, maneno hayo yalituchoma. Miaka miwili kabla ya safari hiyo, paka mmoja alizaa chini ya ngazi ya madrasa yetu, na katika watoto wake alikuwamo mmoja wa namna hiyo hiyo. Wanafunzi walimcheka wakati wa somo, na baadhi ya wakubwa wakasema ni nuhusi. Sisi, badala ya kuuliza, tulimwamuru kijana mmoja amtie katika pakacha akamwache sokoni. Yule kijana akatuuliza, "Mwalimu, atakula nini?" Tukamjibu, "Atajipatia." Nasi tulikuwa tumemwona kwa macho yetu kuwa hata sahani iliyo mbele yake haiwezi.

Jioni ile rafiki yetu alitupeleka kwa daktari wa wanyama, tukamweleza tuliyoyaona. Alitufahamisha kuwa yako maradhi ya paka yaletwayo na virusi, nayo huwaharisha, huwatapisha na kuua wengi. Paka mwenye mimba akipatwa nayo, huenda yakamfikia mtoto tumboni, yakaiharibu sehemu ya nyuma ya ubongo iitwayo ubongo mdogo, ambayo kazi yake ni kupima mwendo na kushika mizani ya mwili. Katika mimba moja huenda mtoto mmoja akapatwa na wengine wakasalimika. Kasoro huonekana anapoanza kutembea, kiasi cha wiki tatu baada ya kuzaliwa. Haiponi, lakini pia haizidi, haimuumizi, wala kuyumba huko hakumwambukizi mtu. Kipaka huyo akilindwa na visima, ngazi na mbwa, hujifunza namna yake ya kwenda, na aweza kuishi umri kama wa wenzake. Chanjo ya maradhi hayo iko, nayo hupewa paka kabla hajashika mimba.

Tukauliza, je, kila kipaka anayeyumba ni hivyo? Akasema, la. Yuko aliyezaliwa mzima kisha akaharibiwa na chakula. Baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoivunja vitamini B1. Kipaka aliyefungiwa ndani, akalishwa matumbo ya samaki mabichi peke yake siku baada ya siku, huanza kukataa chakula, kisha hupepesuka, kichwa kikainama hadi kifuani, na mwisho hushikwa na kifafa. Huyu akiwahiwa kwa dawa na chakula kizuri huweza kupona, na akiachwa hufa. Kumpikia samaki huiondoa nguvu ile mbaya. Na kipaka anayelishwa mnofu mtupu hukosa chokaa ya mifupa, akachechemea na kukataa kuruka, kwa kuwa mifupa yake ni laini.

Basi kwa faida ya wenye nyumba tumeyafupisha mengine tuliyoyasikia kwake:

Kwanza, kipaka asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Anayeachishwa ziwa mapema mara nyingi hunyonya nguo na mablanketi, na huo si uchawi. Na yule anayekandakanda kwa mikono yake ni mzima. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikamua maziwa ya mama yake.

Pili, maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Maji safi ndiyo bora.

Tatu, anayekula udongo, au tumbo limemvimba na mbavu zimemtoka, huenda ana minyoo au amepungukiwa na damu. Dawa ya minyoo ipo, asipigwe.

Nne, uzi na mshipi wa kuvulia visiachwe chini. Akiwa amekwisha meza, na ncha inaonekana, msiivute, maana hukata matumbo. Mpelekeni kwa daktari.

Tano, kukimbia ovyo nyumba nzima wakati wa Magharibi ni mchezo wa kujifunza kuwinda. Lakini aliyekuwa mzima kisha ghafla akayumba, akatokwa na mate na kung'ata, msimguse, kwani huenda ni kichaa. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi yapitayo, kiasi cha dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Tulikumbuka khabari ya Abu Qatada, Mungu amuwie radhi, alipokuwa akimiminiwa maji ya udhu na mke wa mwanawe, akaja paka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akatosheka. Alipoona mkwewe anastaajabu, akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Hadithi hii tumewasomesha watoto miaka mingi. Tena tumewasomesha ile ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie. Tulidhani sisi tumo salama, kwa kuwa hatukumfunga paka wetu, tulimwachilia. Lakini asiyeweza kwenda, kumwachilia na kumfunga kuna tofauti gani? Yule alifungwa na miguu yake mwenyewe, nasi tukampeleka mbali na mama yake na sahani yake.

Tuliporudi Mombasa tulimwita yule kijana mbele ya darasa zima, tukasema kuwa siku ile alipouliza "Atakula nini?" yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, na sisi ndio tuliokosa. Akainama kwa haya, asiseme neno. Soko tumelizunguka mara nyingi. Kipaka hatukumwona, wala hatukutarajia kumwona.

Siku hizi kando ya mtungi wa maji ya udhu pana kisahani chenye ukingo mfupi, na wanafunzi hupokezana zamu ya kukijaza. Twamwomba Mola atusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga, na atujaalie kuuliza kabla ya kuhukumu. Wassalaam.