Shoti kwenye mishipa ya mjomba

Wandugu, leo siandiki kuhusu programu. Ama naandika, ila kwa njia ya kuzunguka.

Mjomba wangu ana shamba la majani chai huku Bomet. Tangu nikiwa mtoto namjua kwa kitambaa chake: anachuma, pua inaanza kutoka damu, anakaa mpaka ikatike, anaendelea kuchuma. Nyanya alikuwa hivyo hivyo. Mama ana nafuu. Watu walisema ni jua. Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu, akarudi shambani.

Likizo iliyopita niliona vidoa vyekundu kwenye midomo na vidole vyake. Mama akasema nyanya pia alikuwa navyo. Nikaketi kwenye tarakilishi.

Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao HHT. Ateri inaungana na vena bila vile vimishipa vyembamba vya katikati, kama shoti ya umeme. Humpata takriban mtu 1 kati ya 5,000. Tangu 2000 madaktari hutumia vigezo vinne: damu ya pua inayojirudia, vidoa, mishipa mibovu ndani ya mwili, na mzazi, ndugu au mtoto mwenye ugonjwa. Vitatu vikitimia, inatosha. Mimi si daktari, lakini nilihesabu vitatu.

Basi jeni za nini? Ni kwa ajili ya dada yangu, ambaye ni mjamzito. Kijana anaweza kuwa nao bila kidoa hata kimoja, na mshipa wa aina hii ukiwa kwenye mapafu unaweza kupasuka wakati wa ujauzito. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya 50%, sawa na kurusha sarafu. Ukisoma jenomu ya mjomba, herufi bilioni 3, ukaona kosa kwenye ENG au ACVRL1, sisi wengine tunapimwa herufi hiyo tu. Ndivyo tunavyosaka hitilafu kazini: unaanza pale programu inapoanguka kwa kishindo.

Tatizo ni kwamba hifadhidata za kulinganishia zimejaa Wazungu. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa walisoma jenomu za Waafrika 426 wa makundi 50, wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Kwa hiyo mjomba anaweza kurudishiwa jibu la "maana haijulikani". Hiyo si ndiyo wala siyo. Hapo inabidi kuangalia kama herufi hiyo inafuata ugonjwa ndani ya ukoo, na nyanya tulishamzika.

Nilimweleza mjomba yote haya kwa nusu saa. Akauliza, "Na hiyo mashine yenu itaziba pua?" Nikamwambia hapana.

Dada hatasubiri jeni. Kuna kipimo cha moyo cha kudunga maji yenye viputo kwenye mshipa wa mkono: viputo vikitokea upande wa kushoto wa moyo baada ya mapigo kadhaa, vimepita njia ya mkato mapafuni. Miadi ni Jumanne. Mimi ndiye dereva.