Boma la Karema

Msafiri atokaye Magamba akashika njia ya machweo, akapita Mpanda na kuikata misitu ya miyombo, mwisho hufika kwenye ziwa Tanganyika, mahali paitwapo Karema. Hapo, juu ya kilima kidogo, pana misioni ya zamani. Asili yake haikuwa nyumba ya sala, bali ngome.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alikuja huku kwa amri ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Akakichagua kilima kile kwa kuwa ziwa lilikuwa karibu. Watu wakakanda udongo, wakasimamisha kuta nene kuzunguka ua, na nyumba zikakaa ndani. Kapteni Ramaeckers, aliyemfuata, alifia papo hapo mwaka 1882, na mahali pake pakashikwa na Kapteni Storms.

Walakini ziwa lilikuwa na safari yake. Mwaka 1878 mto Lukuga, ng'ambo ya pili upande wa Kongo, ulikuwa umezibuka, na maji yakawa yakitoka mwaka kwa mwaka. Ufuo ukarudi nyuma, ngome ikabaki nchi kavu. Aliyejenga asilaumiwe sana. Ziwa halimwulizi mtu shauri.

Mwaka 1885 Wabelgiji wakaondoka, wakawaachia boma Mapadre Weupe. Hao hawakuzibomoa kuta. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa ikipita bado, na vijiji vikichomwa moto; mwenye ukuta hakuuharibu. Basi kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki zikawazunguka watu waliosali, na watoto waliokombolewa utumwani wakalala ndani yake bila hofu.

Mwaka 1889 akafika mganga kijana, Adrian Atiman. Kwao kulikuwa mbali sana, kando ya mto Niger. Huko aliibwa angali mtoto, akapitishwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre wakamkomboa katika nchi ya Algeria, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta kusoma udaktari. Yeye alijua kwa mwili wake mwenyewe walikotoka watoto wale wa bomani. Akaoa Karema, akazaa mtoto aliyekuwa padre, akawatibu wagonjwa miaka 67. Alipofariki mwaka 1956 alizikwa huko huko Karema.