Gita ya Mwenda haijanyamaza

Kwetu Likasi, ukitaja Mwenda Jean-Bosco, wazee wananyanyuka. Mwaka wa 1952, wakati mji ungali unaitwa Jadotville, Hugh Tracey alimkuta hapa, kijana mzaliwa wa Bunkeya, akakamata wimbo wake "Masanga" kwa mashine. Toka pale gita ya Katanga ilitembea: ilifika Nairobi, hata Newport, Marekani, mwaka wa 1969.

Lakini kila tunapokutana kusikiliza, mabishano yanaanza juu ya ile albamu aliyoirekodi Cape Town mwaka wa 1988. Wamoja wanasema: "Aa, vidole vimezeeka!" Wengine wanajibu: "Hapana, sasa njo anacheza kama mtu mwenye kujua pa kwenda." Sisi tuko pamoja na hawa wa pili. Kijana anaonyesha mbio. Mzee anaonyesha njia.

Mwaka wa 1990 Bosco alikufa kwa aksida ya motokari kule Zambia. Njo maana albamu ile tunaisikiliza na uchungu.

Uchungu mwingine uko hapa: ng'ambo watu wanaandika nota zake, wanajifunza kazi ya kidole gumba na kile cha shahada. Kwetu, mchezo huu ulifundishwa kwa kukaa karibu na kutazama mkono. Wenye mikono ile wanatuacha, mmoja mmoja. Basi, wazazi na walimu wenzetu, tumwite mzee angali anaweza, tumkalishe na watoto. Kushangilia peke yake hakutoshi.